Biti 300 bila mwimbaji: kwa nini Giorgio Moroder alitoa kazi nyingi

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni prodyuza, nina studio ndogo chumbani kwangu Mbagala. Rafiki yangu alinisikilizisha ule wimbo wa Daft Punk, wale Wafaransa wawili, ambao mzee mmoja anasimulia maisha yake katikati ya muziki. Nikaambiwa ni Giorgio Moroder, prodyuza wa Italia. Nilipoanza kumfuatilia nikachoka: Donna Summer ni yeye, Blondie ni yeye, Top Gun ni yeye, hadi Kombe la Dunia ni yeye. Binadamu mmoja anatoaje kazi nyingi hivyo? Mimi nina biti zaidi ya 300 kwenye kompyuta, nilizouza ni nne. Nina miaka 31. Niongeze kasi, ninunue mashine, au nimeshachelewa? Na ile besi ya 'I Feel Love' ya Donna Summer ilipigwaje? Nimejaribu kuiiga, inatoka kavu kama muhogo wa jana."

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hizo biti 300 kabla sijamfikia mzee, maana ndizo zilizonifanya nikae chini nikujibu kwa kirefu.

Kasi unayo. Mtu aliyefikisha biti 300 peke yake chumbani, umeme ukikatika na kurudi, hawezi kuambiwa aongeze kasi. Lakini nimeisoma barua yako mara mbili: ndani yake kuna kompyuta, kuna mashine unayoitamani, kuna umri wako, na hamna mwimbaji hata mmoja. Hamna mpiga gitaa, hamna mtunzi wa maneno, hamna hata jirani anayekugongea ukuta upunguze sauti. Sasa mtazame Moroder. Jaribu kutaja kazi yake moja kubwa bila kumtaja mtu wa pili. Utashindwa, na mara nyingi kuna wa tatu na wa nne. Wingi unaoushangaa umetoka hapo.

Nimalize la umri kwanza, tuliondoe mezani. Alizaliwa tarehe 26 Aprili 1940 huko Ortisei, mji mdogo wa milimani kaskazini kabisa mwa Italia, ambako mtu hukua na lugha tatu mdomoni: Kijerumani, Kiitalia na Kiladini cha wenyeji wa mabonde yale. Ujana wake uliishia kwenye bendi za mahotelini, akizunguka Ulaya na gitaa au besi, akipiga nyimbo za wengine watu wapate kucheza. Wazee wetu wa dansi wangemwelewa bila mkalimani: unapiga ukumbi unachotaka, na ukumbi usipoinuka mwenye hoteli anaanza kukuangalia kwa jicho la pembeni. Baadaye akawa anaimba kwenye madisko ya Ujerumani na, kwa masimulizi yake mwenyewe, kulala garini. Kibao chake cha kwanza cha maana, "Looky Looky", kilitoka 1969 akiwa na miaka 29. Ni kiwimbo chepesi cha kupigia makofi. Ukikisikia leo hutaamini ni mtu yuleyule. Februari 1972 wimbo wake "Son of My Father" ulishika namba 1 Uingereza, ila waliotamba nao ni bendi ya Chicory Tip walioamua kuurudia. Siku hiyo Moroder alikuwa na miaka 31, kama wewe. Vibao ulivyovitaja kwenye barua yako vyote vilikuwa bado havijazaliwa. "Love to Love You Baby" ilimkuta na miaka 35, "I Feel Love" na miaka 37.

Umri umekwisha. Tuje kwenye watu.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa amekaa Munich, na akafungua studio iitwayo Musicland, chini kabisa ya jengo refu la Arabella. Studio hiyo hakuifungia kwa kazi zake tu. Rolling Stones walirekodi pale, Queen walirekodi pale, na Led Zeppelin waliimaliza albamu yao ya Presence mwishoni mwa 1975 mbiombio, siku 18, kwa sababu Rolling Stones walikuwa wameshashika zamu nyuma yao. Maana yake chumba kilijilipia hata wiki ambazo mwenyewe hana wimbo kichwani, na kila fundi mzuri aliyepita Munich alipita mlangoni kwake.

Mtu wake wa karibu kuliko wote alikuwa Pete Bellotte, Mwingereza mtunzi wa maneno, ambaye kwa miaka karibu kumi majina yao yalikuwa yakiandikwa pamoja kama chumvi na ndimu. Halafu akaja Donna Summer. Huyu alikuwa dada wa Boston, Marekani, aliyefika Munich kuigiza kwenye tamthilia ya muziki iitwayo Hair, akabaki huko, akajua Kijerumani, akawa anaitwa studio kuitikia nyimbo za wengine. Albamu yao ya kwanza pamoja ilitoka 1974. Siku moja mwimbaji huyo ndiye aliyekuja na kile kijistari cha "love to love you baby". Hakuja na wimbo mzima, alikuja na mstari tu. Moroder akaufuata chini studio, akautengenezea muziki, na mwimbaji akaimba taa zikiwa zimepunguzwa kwa sababu alikuwa anaona haya. Hizo pumzi na mihemo unayoisikia ndizo zilizoifanya BBC ikatae kuupiga.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hapa ndipo nilipotaka ufike. Wimbo ulipelekwa Marekani kwa Neil Bogart, mwenye Casablanca Records. Bogart akaupiga kwenye sherehe nyumbani kwake. Wageni wakaomba urudiwe. Ukarudiwa, wakaomba tena. Akamtafuta Moroder: naomba wimbo huuhuu, lakini mrefu, ujaze upande mzima wa santuri. Prodyuza mwenye kiburi angesema wimbo umeshaisha, usinifundishe kazi. Prodyuza mvivu angekata na kubandika kipande kilekile mara tano. Moroder na wenzake walirudi studio wakatunga vipande vipya vya kati, muziki ukawa unapanda na kushuka kama maji ya pwani, ukafika karibu dakika 17. Ukashika namba 2 Marekani. Mstari ulitoka kwa mwimbaji, urefu ulitoka kwa mfanyabiashara aliyewaona watu wakicheza sebuleni kwake, na kazi ya Moroder ilikuwa kusikia kwamba wote wawili wana hoja.

Baada ya hapo bomba likafunguka. Kati ya 1976 na 1977 peke yake, yeye na Bellotte walimtolea Donna Summer albamu nne, na ya nne, Once Upon a Time, ilikuwa ya santuri mbili. Pembeni alikuwa anatoa albamu zake mwenyewe na za kundi lake la studio, Munich Machine. Ukitazama majina ya wapigaji utaona walewale wanarudi: Keith Forsey kwenye ngoma, Mwingereza, Thor Baldursson kwenye kinanda na mipangilio, huyu ni wa Iceland, Jürgen Koppers kwenye meza ya sauti. Hawakuwa wanaanza kujuana kila Jumatatu. Moroder akisema "ile ya juzi, ila kavu zaidi", kila mtu anajua ipi na kavu kiasi gani. Hesabu mwenyewe saa ngapi unazipoteza kwa kumweleza msanii mpya unachokitaka, halafu zidisha kwa miaka.

Tufike kwenye besi yako.

Mwaka 1977 walikuwa wanatengeneza albamu iitwayo I Remember Yesterday. Wazo lake lilikuwa kila wimbo uvae nguo za zama fulani: huu wa miaka ya 1940, huu wa 1950, huu wa 1960, na wa mwisho uwe wa siku zijazo. Kwa huo wa mwisho Moroder akaamua asitumie bendi. Akaazima Moog kubwa ya vipande, mashine ya kutengeneza sauti kwa umeme, ile inayofanana na ubao wa simu za zamani za posta, waya zimetapakaa kila upande. Haikuwa yake, mwenyewe alikuwa mtunzi wa Ujerumani, Eberhard Schoener. Na Moroder hakuwa anaijua vizuri. Aliyeijua ni fundi aliyekuja nayo, Robby Wedel.

Wedel ndiye aliyewaonyesha jambo lililogeuza kila kitu: unarekodi mdundo wa rejea kwenye njia moja ya mkanda, halafu mashine inaufuata mdundo huo. Ukirudi nyuma kuongeza sauti nyingine, inaingia palepale, haipishani hata unywele. Leo kompyuta yako inakufanyia hivyo bila kukuuliza. Mwaka ule ilikuwa kama uganga. Moroder mwenyewe hachoki kusimulia kwamba siri ile aliipata kwa Wedel.

Mashine nayo ilikuwa na visirani. Ikipata joto inahama sauti. Wanarekodi sekunde 20 au 30, wanasimama, wanairudisha kwenye sauti yake, wanaendelea. Wimbo mzima umeshonwa hivyo, kiraka kwa kiraka. Snea na matoazi unayoyasikia ni ule mvumo wa Moog, "shhh" kama redio iliyokosa stesheni, umekatwa vipande vifupi. Kitu kimoja tu mashine ilishindwa: kiki. (Kiki ya ngoma, ile kubwa ya kupigwa kwa mguu, tusielewane vibaya, siyo zile za mitandaoni.) Kila walivyojaribu ilikosa kishindo. Kwa hiyo wakamweka Keith Forsey kwenye ngoma, akapiga kiki peke yake, mguu mmoja, wimbo mzima, bila kugusa kitu kingine. Wimbo ambao dunia inauita wa mashine tupu, unatembea kwa mguu wa binadamu.

Sasa ujanja wa besi, uufanye leo usiku kwenye kompyuta yako. Chukua mwendo wa mapigo 125 kwa dakika. Wa wimbo wenyewe uko karibu hapo, na 125 ina hesabu nyepesi. Kiki inaanguka kila baada ya milisekunde 480, iweke katikati. Andika besi yako noti mbili kwa kila kiki, yaani kila milisekunde 240, noti fupifupi, zisivutike. Isukume yote kushoto kabisa. Halafu ipe dilei, yaani mwangwi, ya milisekunde 120, irudi mara moja tu, kwa sauti ileile kama ya kwanza, na hiyo dilei uisukume kulia kabisa. Usiandike noti nne. Andika mbili, za kulia zizaliwe zenyewe.

Vaa spika za masikioni uzisikilize pamoja: utasikia besi inakimbia noti nne kwa kila kiki, inaruka kushoto kulia kama mpira wa meza. Toa ya kushoto, sikiliza kulia tu. Besi yote sasa inaanguka kati ya mapigo, inagombana na kiki kama watu wawili wanaopishana kwenye mlango wa daladala. Mtu aliyekuwa anacheza karibu na spika moja ya ukumbi alikuwa anasikia wimbo tofauti kidogo na wa mwenzake upande wa pili. Huo msukosuko ndio unaoutafuta. Wewe, nadhani, uliandika noti zote kumi na sita za kipimo kwa mkono, ukaziweka katikati, zote kwa nguvu moja. Hapo lazima zitoke kavu.

Onyo dogo: usiipeleke hesabu hii kwenye singeli. Ukiwa kwenye mapigo 200 na kuendelea, dilei inashuka hadi milisekunde 75 au chini ya hapo, sikio linaacha kusikia noti mbili, linasikia moja iliyovimba. Nimejaribu. Ilikuwa aibu.

Halafu jambo ambalo dilei haitakupa. Juu ya mashine ile yote, Donna Summer anaimba kwa sauti ya kichwani, nyembamba, haina haraka, kama mtu anayeelea. Besi inakimbia, yeye hakimbii. Ukimtoa yeye unabaki na zoezi zuri la ufundi. Kampuni Marekani hata haikuona ilichonacho; ilianza kuuweka upande wa pili wa santuri ya wimbo wa taratibu. Wapiga disko wakaigeuza. Uingereza ukakaa namba 1 wiki nne. David Bowie amesimulia kwamba walikuwa Berlin wanarekodi, mwenzake Brian Eno akaingia mbio na santuri mkononi akisema amesikia sauti ya siku zijazo. Mwaka 1978 Patrick Cowley wa San Francisco akaurefusha hadi dakika 15 na ushee bila kumwuliza mtu, nakala zikazunguka kwa madijei kimyakimya, na mwaka 1982 kampuni ikaona bora iutoe rasmi. Maktaba ya Bunge la Marekani imeshauweka kwenye hifadhi yake ya sauti za taifa. Si haba kwa wimbo wa kujazia albamu.

Ukienda kuangalia waliouandika: Donna Summer, Giorgio Moroder, Pete Bellotte. Watatu. Wa "Love to Love You Baby": walewale watatu. Shika hilo, nitalirudia.

Sinema nitazipitia haraka, maana ukishajua utaratibu wake, zilizobaki ni utaratibu uleule mahali pengine. Mwaka 1978 alipewa muziki wa Midnight Express, na kinandani na kwenye mipangilio alikuwa na kijana aitwaye Harold Faltermeyer. Wakatoka na Oscar ya muziki wa filamu, na muziki karibu wote ni vinanda vya umeme, jambo ambalo Hollywood ilikuwa haijalizoea. Mwaka 1980 akampa Debbie Harry, mwimbaji wa bendi ya Blondie, muziki, dada akaandika maneno, ikawa "Call Me", wiki sita namba 1 Marekani. Mwaka 1983 "Flashdance... What a Feeling": muziki wa Moroder, maneno ya Irene Cara na Keith Forsey. Ndiyo, Forsey yuleyule wa mguu mmoja, sasa anapokea Oscar. Mwaka 1986 "Take My Breath Away" ya Top Gun, Oscar nyingine, na hapa nasimama kidogo. Maneno yake yameandikwa na Tom Whitlock. Walivyojuana ni kwamba Moroder alikuwa na Ferrari yenye breki mbovu, na Whitlock ndiye aliyezirekebisha. Akaingia studio kama mtu wa kazi ndogondogo, akasema anaandika mashairi, akapewa nafasi. Wangapi kati yetu tumeshamwambia fundi wa jenereta aliyetuletea mashairi, "kaka, wewe maliza tu hiyo waya"?

Whitlock huyo ndiye aliyeandika naye "Hand in Hand", wimbo wa Olimpiki ya Seoul 1988, ile ambayo Wakenya walirudi nyumbani na medali tano za dhahabu. Na ule wa Kombe la Dunia uliousema ni wa Italia 1990, "Un'estate italiana", muziki wa Moroder, maneno na sauti za Gianna Nannini na Edoardo Bennato. Kama ulikuwa na kaka au baba aliyeangalia Roger Milla akicheza kwenye kibendera cha kona, muulize, labda atakuimbia kiitikio chake.

Sitaki uondoke na picha ya mtu asiyekosea. Mwaka 1984 alichukua filamu ya kale isiyo na sauti, Metropolis, akaipaka rangi na kuiwekea nyimbo za roki, wakosoaji wakamchapa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 akaingia kwenye biashara ya magari ya kifahari, gari la silinda 16 lililopewa jina lake. Yalitengenezwa machache tu, na ushirika huo ukavunjika. Miaka ya 1990 akawa karibu amestaafu, anachora na kujaza mafumbo ya maneno. Alichomoza 1998, yeye na Donna Summer wakachukua Grammy ya kwanza kabisa kutolewa kwa rekodi ya dansi, kisha kimya tena. Ukigawa kazi zake kwa miaka utaona hakutoa sawasawa: kuna kama miaka 15 ya mafuriko, halafu ukame mrefu. Mafuriko yale ni ya miaka aliyokuwa na genge. Kila mmoja aliposhika njia yake, na walizishika kwelikweli, maji yalipungua. Faltermeyer alienda kutengeneza "Axel F". Forsey akawa prodyuza wa Billy Idol. Mack, fundi sauti wa Musicland, akawa anawafanyia kazi Queen.

Na aliporudi alirudishwa na watu. Daft Punk walimwita Paris wakamkalisha mbele ya vipaza sauti vya zama tofauti, asimulie tu maisha yake. Akamwuliza fundi: nani atasikia tofauti ya vipaza hivi? Akajibiwa kwamba hao wawili watasikia. Ndio huo wimbo uliousikia, wa 2013. Baada ya hapo akaanza kupiga DJ kwenye majukwaa makubwa akiwa na miaka 73.

Mashine sasa. Usinunue. Umeona aliyetengeneza "I Feel Love" aliazima, na akaazima pamoja na mtu anayeijua. Hiyo programu unayotumia ina uwezo kuliko Musicland nzima ya 1977, na ninaamini unalijua hilo, ila kununua kitu kunafanana sana na kufanya kazi.

Cha kufanya na biti 300? Mimi ningechagua kumi, nyingine nizifungie kwenye faili nisiziguse mwaka mzima. Katika hizo kumi ningefuta nusu ya vitu vilivyomo, maana prodyuza wa peke yake hujaza kila tundu kwa kuogopa kimya, halafu mwimbaji akija hana pa kukaa. Kisha ningetafuta mtu mmoja wa sauti, mmoja tu, asiwe maarufu, anayekaa umbali wa bajaji moja kutoka kwangu, nifanye naye zote kumi. Usigawe biti kwa waimbaji kumi. Donna Summer hakuwa jina Munich. Alikuwa muitikiaji anayefika kwa wakati.

Kuna dada anaimba kwaya mtaani kwenu, sihitaji kumjua kujua kwamba yupo. Kuna kijana anayeandika mashairi ya taarabu na hana wa kumpa. Waulize wanasikia nini kwenye biti, halafu nyamaza. Akikuambia irefushe, irefushe kwanza ndipo ubishe.

Nilisema nitarudi kwenye majina matatu. Miaka ya nyuma nilitengeneza wimbo na kijana mmoja, kiitikio chake, muziki wangu, tukagawana kwa mdomo tukiwa tunakula chipsi mayai. Ukaanza kupigwa redioni. Kila mmoja akakumbuka makubaliano yake. Leo tukikutana msibani tunapeana mkono tukiangalia pembeni, na ule wimbo haujawahi kumlipa yeyote kati yetu shilingi ya maana ya mirabaha, kwa sababu hakuna aliyeweza kuonyesha karatasi. Kwa hiyo siku hiyohiyo ya kurekodi, kabla hamjafunga mlango wa studio: jina la wimbo, majina kamili ya waliotunga, kila mmoja asilimia ngapi, sahihi, tarehe. Picha ya karatasi kwa kila simu. Halafu mkausajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Aliyeleta mstari mmoja aandikwe kwa mstari wake. Mtu akijua jina lake litakuwepo, wiki ijayo anakuja na mstari mwingine, wala humtumii nauli.

Besi ukishaifanya nitumie, hata kama bado ni kavu. Weka na sauti ya mtu juu yake.